Mlango wa nyuma: Oslo, Wajir na wazee wetu watatu

Mada iliyotolewa Kipsing, wadi ya Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, mbele ya wazee, kina mama na vijana baada ya swala ya Adhuhuri. Tumeiandika kama ilivyosemwa, tukapunguza marudio tu.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu ambao si Waislamu, mliokuja kukaa nasi chini ya mti huu, supa, na ejoka. Hii ni mada ya watu wote.

Niliitwa hapa kuzungumza juu ya Palestina. Nimebeba makaratasi yangu kutoka Isiolo mjini, nimejiandaa vizuri. Nimefika jana jioni, nikapewa chai, na kabla sijamaliza kikombe nikajua kwamba wiki hii Kipsing hakuna anayezungumza Palestina. Habari ya mji ni wazee watatu.

Wote mnaijua, lakini wacha niiseme wazi ili tusinong'one. Wazee watatu walivuka lugga usiku wakaenda kukutana na wazee wa upande wa pili, wale tunaodai wana ng'ombe wetu. Hawakumwambia chifu. Hawakuiambia kamati ya amani. Hawakuwaambia hata watoto wao wa kuzaa. Sasa siri imetoka, na vijana wanasema hawa ni wasaliti, wasipewe salamu. Mmoja ameambiwa mifugo yake isikanyage kisimani. Kisimani, jamani, wakati wa kiangazi!

Basi nikasema alhamdulillahi, makaratasi yangu hayakupotea njia. Kwa sababu nilichokuja nacho ni habari ya watu waliokutana usiku kwa siri, wakazungumza kwa niaba ya wenzao waliokuwa wamelala.

Kwanza tuondoe jambo moja. Siri yenyewe si usaliti. Watu wa Yathrib walipokuja kumpa Mtume (SAW) ahadi ya pili pale Aqaba, karibu na Mina, walikuja usiku. Wanaume zaidi ya sabini na wanawake wawili, wakitoka kwenye kambi zao polepole ili wenzao waliolala wasiamke. Wangeonekana na Makureshi, wangeumia. Kwa hivyo kijana anayesema kila mkutano wa usiku ni haramu, huyo hajasoma sira yake. Mtu dhaifu wakati mwingine hana mlango mwingine isipokuwa wa nyuma.

Sasa tuende Palestina.

Mwezi wa Oktoba 1991 kulikuwa na mkutano mkubwa Madrid, Hispania. Kamera za dunia nzima zilikuwa pale. Israel ilikataa kukaa na PLO ya Yasser Arafat, kwa hivyo Wapalestina walioketi mezani walikuwa watu wa ndani, wa Gaza na Ukingo wa Magharibi, wakiongozwa na daktari mmoja wa Gaza, Haidar Abdel-Shafi. Baadaye mazungumzo yakahamia Washington, duru baada ya duru, na hayakusonga. Nyinyi mnalijua baraza la namna hiyo. Mkubwa yuko, polisi wako, kila upande umeleta msemaji wake hodari, na kila anayesimama anasema maneno ya kupigiwa makofi na watu wake. Jioni kila mtu anarudi nyumbani amefurahi, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyerudi.

Sheria ya Israel wakati huo ilikuwa inamfunga raia anayekutana na mtu wa PLO. Bunge lao likaifuta Januari 1993. Na siku hizo hizo, katika mji mdogo wa Sarpsborg huko Norway, watu wachache walikuwa tayari wamekaa kwenye nyumba moja ya kifahari, wakila pamoja. Upande wa Israel walikuja wasomi wawili, Yair Hirschfeld na Ron Pundak. Hawakuwa maafisa wa serikali. Na hiyo ilikuwa makusudi: siri ikitoka, serikali inasema hao ni walimu tu, sisi hatuwajui. Upande wa PLO alikuja Ahmed Qurei, anayejulikana kama Abu Ala, mtu wa mambo ya uchumi. Wenyeji wao walikuwa Terje Rød-Larsen wa taasisi ya utafiti ya Fafo, na mkewe Mona Juul wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Norway. Ikiulizwa, jibu lilikuwa tayari: ni mambo ya utafiti.

Mimi sitawadanganya, nikisoma sehemu hii moyo unalainika. Watu waliokuwa hawawezi kusalimiana hadharani wanakula meza moja, wanatembea pamoja nje kwenye baridi, wanagombana mpaka usiku wa manane, asubuhi wanarudi tena. Rød-Larsen hakukaa chumbani kuwaamulia. Aliwaacha. Hiyo ndiyo faida ya mlango wa nyuma: mtu anaweza kusema "hapa tulikosea" bila kupigwa picha. Mwezi wa Mei Israel ikamtuma afisa wake mkubwa, Uri Savir. Mwezi wa Juni akaja Joel Singer, mwanasheria aliyewahi kuwa mtu wa sheria za kimataifa katika jeshi lao. Usiku wa tarehe 20 Agosti wakatia herufi za majina yao kwenye karatasi, huko Oslo. Tarehe 13 Septemba 1993 Rabin na Arafat wakashikana mikono mbele ya Clinton, na dunia ikalia kwa furaha.

Sasa mkumbuke yule daktari, Abdel-Shafi. Miezi yote hiyo yeye alikuwa Washington anabishana, na sharti lake lilikuwa moja: walowezi wasimame kwanza, wasijenge hata nyumba moja zaidi kwenye ardhi yetu ndipo tuongee mengine. Hakujua kwamba wakati yeye anabishana, wakubwa wake wameshamaliza kwingine, na sharti lake halimo kwenye karatasi. Aliambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Hakwenda kwenye sherehe. Na mshairi wao mkubwa, Mahmoud Darwish, akajiuzulu kutoka Kamati Tendaji ya PLO.

Kulikuwa na nini ndani? Tuanze na zile barua za kutambuana. Arafat aliandika kwamba anaitambua haki ya dola ya Israel kuishi kwa amani na usalama. Rabin akajibu kwamba anaitambua PLO kuwa ndiyo mwakilishi wa Wapalestina. Mmepima? Huyu ametoa utambuzi wa dola, amerudishiwa utambuzi wa ofisi yake. Ni kama mzee aende kudai malisho, arudi na barua ya kusema yeye ndiye mwenyekiti.

Halafu mambo mazito yote, Jerusalem, wakimbizi, walowezi, mipaka, yakaandikwa kwamba yatazungumzwa baadaye. Kipindi cha mpito ni miaka mitano. Kilianza Mei 1994, kikaisha Mei 1999. Hayo "baadaye" bado yanangojwa mpaka leo. Mwaka 1995 wakasaini karatasi ya pili iliyoukata Ukingo wa Magharibi vipande vitatu, A, B na C. Kipande cha C peke yake ni kama asilimia 60 ya ardhi, na humo Israel ndiyo mwenye amri juu ya ujenzi na usalama. Walowezi nao hawakungoja baadaye. Waliendelea kujenga, na wameongezeka mara kadhaa.

Sisemi Abu Ala alikuwa mwizi. Tuwe na insafu. PLO wakati huo ilikuwa hoi. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991 nchi za Ghuba zilikata misaada kwa sababu Arafat aliegemea upande wa Iraq. Mishahara hakuna, marafiki hakuna. Mtu mwenye njaa akifunguliwa mlango wa nyuma anaingia haraka, na hasomi kila mstari. Marehemu Edward Said alilalamika miaka na miaka kwamba wajumbe walikaa na watu waliojiandaa, huku wao hawana wanasheria wa kutosha wala ramani zao wenyewe. Ramani, wazee wangu! Unazungumza ardhi bila ramani yako, unatumia ya mwenzako.

Kitu cha mwisho juu ya Oslo, na hiki kilinikosesha usingizi. Mwanahistoria wa Norway, Hilde Henriksen Waage, aliingia kwenye hifadhi ya Wizara yao ya Mambo ya Nje kutafuta kumbukumbu za mazungumzo hayo, Januari mpaka Septemba 1993. Hakuzikuta. Miezi tisa iliyoamua maisha ya mamilioni ya watu, na faili lake halipo.

Hapo kijana anainuka ananiambia, umeona ustadh, nilisema wale wazee ni wasaliti. Kaa chini kwanza. Sijamaliza.

Mwezi huo huo, Septemba 1993, kulikuwa na mkataba mwingine. Haukuwa Washington. Ulikuwa Wajir. Clinton hakuwepo, na sidhani kuna kamera iliyofika. Unaitwa Tamko la Al-Fatah, na wapo hapa wazee wanaolikumbuka.

Mwaka 1992 Wajir ilikuwa inaungua. Wadegodia, Waajuran, Waogaden, kila ukoo na bunduki zake. Kina mama wa ukoo huu hawakuweza kuuza maziwa mbele ya kina mama wa ukoo ule. Basi kukawa na harusi. Kina mama wa koo tofauti wakajikuta wamekaa pamoja, na mazungumzo ya harusi yakageuka yakawa mazungumzo ya vita. Mmoja wao alikuwa mwalimu kijana anaitwa Dekha Ibrahim Abdi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari. Huo pia ulikuwa mlango wa nyuma. Hakuna chifu aliyewatuma, hakuna mtu aliyewapa posho.

Lakini angalieni walivyotembea kutoka pale. Walianza na soko. Wakaweka kamati ya kina mama ya kulisimamia, kila mama wa kila ukoo auze na anunue, akitukanwa kamati iamue. Watu wakaona kwa macho kwamba jambo linawezekana. Ndipo wakawaendea wazee. Na mzee waliyemtanguliza kuongoza kikao alitoka ukoo mdogo, usio na nguvu ya kumtisha mtu. Wakaingia vijana, wakaingia watu wa serikali. Tamko liliposomwa, halikumshtua mtu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu wake mle ndani. Hii kamati ya amani ya hapa mnayoilalamikia kila siku, asili yake ni kule, kwa kina mama wa Wajir. Na Tamko la Modogashe la 2001, ambalo Isiolo tuliingia baadaye, limezaliwa na njia hiyo hiyo.

Mikataba miwili, mwezi mmoja, yote imeanzia gizani. Sasa mnaona swali si "walikutana usiku?" Swali ni asubuhi walifanya nini.

Mfano mwingine niupitie haraka. Zanzibar. Muafaka wa 1999 ulivunjika. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba, wengine wakakimbilia kwetu Shimoni. Muafaka wa pili, Oktoba 2001, nao haukutosha, na mazungumzo yaliyofuata yakakwama 2008. Halafu tarehe 5 Novemba 2009 watu wakasikia kwamba Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wamekutana Ikulu, wawili tu, bila wazungu, bila wapatanishi. Wafuasi walishtuka, na wapo waliokasirika kweli kweli. Lakini ile siri ilirudishwa kwa wenyewe. Ikapita Baraza la Wawakilishi, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni. Asilimia 66 na kitu wakasema ndiyo, waliobaki wakasema hapana na wakahesabiwa. Ndiyo, mwaka 2015 mambo yaliharibika tena, siwafichi. Lakini hakuna Mzanzibari aliyeamka akaona mkataba wake kwenye televisheni kama Abdel-Shafi.

Turudi hapa, kwa sababu mtaniambia Oslo ni mbali. Ardhi yetu hii imewahi kugawiwa kwenye vyumba ambavyo sisi hatukuwemo, tena kwa hao hao Wazayuni. Mwaka 1903 waziri wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Herzl ahadi ya ardhi Afrika Mashariki. Wakaja kuikagua Uasin Gishu. Yes, Uasin Gishu ya Eldoret. Waliikataa wenyewe mwaka 1905, lakini Mnandi na Mmaasai nani aliwauliza?

Na Laikipia, hapo juu tu. Mwaka 1904 Waingereza waliandikiana na viongozi wa Wamaasai: tupisheni Bonde la Ufa, Laikipia itakuwa yenu milele. Milele hiyo haikufika miaka kumi. Mwaka 1911 ikaja karatasi nyingine, wazee wakatia alama zao, watu na mifugo wakahamishwa kwenda kusini. Wenzao waliokataa wakaenda mahakamani 1913. Mahakama ikasema huo ni mkataba baina ya mataifa mawili, sisi hatuna uwezo nao. Wazee wa Kisamburu mlioko hapa, hiyo ni lugha yenu, hao ni damu yenu.

Leo tena. Kuna mji wa kitalii umepangwa hapa Kipsing Gap, ni sehemu ya ule mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012. Naomba aliyewahi kuuona mchoro wake kwa macho yake ainue mkono. [Mikono miwili iliinuliwa.] Wawili. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii iliyosajiliwa haiondoki mpaka thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali. Thuluthi mbili, si wazee watatu, si mheshimiwa na marafiki zake hotelini Nairobi. Kwa hivyo vijana, hasira yenu naielewa sana. Mnaogopa kwamba leo ni ng'ombe, kesho ni malisho, keshokutwa mtu ameuza lugga. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mmeimwagia watu wasiostahili, na kabla hamjawasikiliza.

Mkumbuke Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (SAW) alikubaliana na Suhayl bin Amr masharti yaliyowauma masahaba, na yaliandikwa pale pale wote wakiwepo, kama watu elfu moja na mia nne. Abu Jandal akaja na minyororo yake miguuni, akarudishwa, watu wanatazama na kulia. Sayyidna Umar alisimama akauliza maswali makali, waziwazi, tena kwa Mtume mwenyewe. Hakuambiwa nyamaza, wewe ni kijana. Na yeye naye hakumfungia mtu kisima. Watu walipokuwa wazito hata kunyoa na kuchinja, aliyetoa rai ya kuwatoa pale alikuwa mwanamke, Mama Salama, radhi za Allah ziwe juu yake. Kina mama wa Kipsing, mko nyuma sana hapo. Sogeeni.

Jana usiku nimeongea na wale wazee watatu. Sitasema waliyoniambia, si yangu. Ila nimewaomba waje, na wamekuja, wamekaa pale upande wa kushoto. Nimewaomba waseme mbele yenu: mlikutana na nani, mliahidi nini, na ni jambo gani mlikataa kuligusa kwa sababu si lenu peke yenu. Kama kuna karatasi waliyotia alama, itolewe, isomwe kwa Kisamburu, kwa Kiturkana na kwa Kiborana, mstari kwa mstari. Kama hakuna karatasi, tutaandika leo walichosema, na daftari litakaa kwa kina mama, lisije likapotea kama lile la Norway. Na kama waliahidi kisichokuwa chao, wataambiwa hapa, na wataivuka ile lugga tena, mchana, na vijana wawili pamoja nao, wakaseme tumekataliwa.

Na nyinyi vijana, kabla mzee hajafungua mdomo, nataka mmoja wenu aende kisimani amwambie anayelinda kwamba mifugo ya mzee inywe. Nani anaenda? Wewe? Chukua ile boda, mafuta nitalipa mimi.

Haya, mzee, karibu mbele. Mpeni kiti. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.